Sura ya Tano: Mvua ya Mawe Kikombeni

Mtoto wa Kipsigis huzaliwa na saa yake, na saa hiyo humfuata hadi kwenye kitambulisho. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Wa usiku ni Kipkemoi au Chepkemoi, wa mchana ni Kibet au Chebet. Aliyekuja jioni mbuzi na kondoo wakirudi nyumbani ni Kiprono au Cherono, na aliyewasili pamoja na ng'ombe ni Kiprotich au Cherotich. Mvua ikiwa inanyesha, Kiprop au Cherop. Panda matatu ya kutoka Kericho kwenda Bomet, uliza abiria majina yao, na kabla hujafika Litein utakuwa na ratiba ya siku nzima. Wapo hata waliopewa jina kwa sababu walizaliwa mikononi mwa Wazungu au hospitalini: Kipchumba na Chepchumba. Siku hizi ng'ombe wengi wa huku hawaendi malishoni. Wanakaa zizini wakiletewa majani ya nepia yaliyokatwakatwa. Lakini akina Kiprotich bado wanazaliwa. Sijui huwa wanarudi na ng'ombe gani.

Majina haya yanatuambia ng'ombe walikuwa wapi na jua lilikuwa wapi. Hayatuambii baba alikuwa wapi, kwa sababu hilo halikuhitaji kuelezwa: baba alikuwa nje. Kuzaa kulikuwa shughuli ya wanawake, na iliyofuata pia ilikuwa yao. Akina bibi walimzunguka mtoto wakataja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na mtoto alipopiga chafya ikajulikana ni nani aliyerudi. Ugoro ulisaidia pale ambapo marehemu walichelewa. Baba alipelekewa habari. Akishaipata, alibaki na kazi moja kubwa, nayo ni kutowazuia watu njia.

Leo baba yuko kwenye benchi la korido. Nenda Tenwek, hospitali iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, au nenda Longisa, Kapkatet, Litein, au hospitali ya rufaa ya Kericho. Utawakuta wanaume wenye gambuti zilizokauka tope, simu mkononi, wakisoma mabango ya chanjo kana kwamba kesho wana mtihani. Nimelikalia benchi la aina hiyo usiku mzima. Hakuna aliyezungumza. Muuguzi alipotoka na kuuliza, "Baba ya mtoto ni nani?", tulisimama watatu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamume aliyeajiriwa wiki mbili za likizo, kwa mshahara kamili, mkewe anapojifungua. Mama amepewa miezi mitatu. Mkulima mdogo wa chai hana wa kumwandikia barua. Kichaka cha chai hutaka kuchunwa kila baada ya siku 7 hadi 14, na ukichelewa, majani yanakomaa, yanakuwa magumu, na karani wa kituo cha kupimia majani anayakataa mbele ya watu. Kwa hiyo mtoto akizaliwa huku, mtu wa kwanza kufikiriwa baada ya mama ni yule atakayechuna zamu hii. Kwetu walichuna wanawake wa jirani. Walikuja na vikapu vyao asubuhi ya tatu, hawakuulizwa, na jioni waliacha stakabadhi ya kilo juu ya meza pamoja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuja huku Wamarekani wawili, mke na mume, Sara Harkness na Charles Super. Walikaa katika kijiji cha Wakipsigis walichokiita Kokwet, wakahesabu vitu ambavyo mwenyeji hafikirii kuvihesabu: mtoto mchanga analala saa ngapi, nani amembeba, nani anazungumza naye. Walikuta kwamba watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema, kama mwezi mzima kabla ya wenzao wa Marekani. Wazungu waliotangulia walikuwa wamezoea kueleza mambo kama hayo kwa damu na rangi. Super alieleza kwa mazoezi. Watoto walikaa mapema kwa sababu walifundishwa kukaa: walichimbiwa kishimo kidogo ardhini, wakatiwa humo, wakazungushiwa nguo wasianguke. Walitembea mapema kwa sababu walishikwa makwapa wakachezeshwa miguu kila siku. Kutambaa, ambako hakuna aliyejisumbua kukufundisha, hawakukuwahi kwa namna hiyo.

Na baba? Katika utafiti huo baba hakuwa mlezi wa mtoto mchanga. Mama ndiye aliyembeba, na mama akienda shambani, mtoto alibebwa na dada wa miaka saba au minane, msichana mwenye mgongo mdogo na mamlaka makubwa.

Wapo wanaosoma habari hiyo na kuwahukumu babu zetu. Mimi siwahukumu. Mtoto yule hakukosa mikono. Alikuwa nayo mingi kuliko mtoto wa leo. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kutunza, mipaka ya kulinda na baraza la wazee la kuhudhuria, naye mtoto alimfikia polepole kadiri alivyojifunza kutembea. Kilichobadilika si moyo wa baba. Kilichobadilika ni kwamba yule dada wa miaka saba ameenda shule. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, walezi wadogo wa nchi nzima walivaa sare wakaondoka asubuhi. Bibi naye hayuko tena ua wa pili, kwa sababu shamba limegawanywa mara tatu na mwanawe amejenga kando ya barabara kuu. Mama ana zamu yake kiwandani au darasani. Basi pengo likabaki, na aliyekuwa karibu na pengo ni mwanamume aliyekuwa akinoa panga nje ya jikoni. Wanaotoa semina za akina baba husema tumeelimika. Ninavyoona mimi, tuliingia jikoni kwa sababu mtoto alikuwa analia na hakukuwa na mwingine.

Hiyo ndiyo sababu furaha zenyewe zilitukuta bila maandalizi. Hakuna mzee aliyewahi kutuambia kwamba mtoto wa miezi miwili anaweza kukutazama usiku, saa nane, katika baridi ya mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, akakutazama hadi ukaanza kujieleza. Wazee hawakutuambia kwa kuwa hawakuwa ndani ya chumba. Mambo ambayo mama zetu walikuwa wakiyajua tangu enzi na enzi, kwamba kilio cha njaa si kilio cha tumbo, kwamba mtoto akinyamaza ghafla ndipo uamke, sisi tunayasimuliana kituoni kama watu waliogundua mto mpya.

Kitinda mimba wangu alifundishwa kukaa na mama yangu mzazi, kwa njia ileile waliyoiona Wamarekani, ila kishimo sasa ni beseni la kufulia. Alimweka ndani, akamzungushia blanketi, akaniambia nikae hapo nisiende popote. Nikakaa. Mtoto aliegemea kushoto, akaegemea kulia, akatazama kuku, akacheka. Ndicho kicheko chake cha kwanza cha sauti nilichokisikia, na alimpa kuku. Mama akaniambia, "Wewe umekuja juzi tu. Kuku yuko hapa kila siku."

Wazazi wa Kokwet walikuwa na wazo jingine ambalo hao watafiti waliliandika kwa makini, na mtu yeyote aliyelelewa huku atalitambua. Waliitenga akili ya shule na akili ya nyumbani. Mtoto anaweza kuongoza darasa na bado ikasemwa kwamba nyumbani akili haipo. Mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona kazi kabla hajatumwa: ndama amefungua kamba, nguo ziko nje na wingu limetanda upande wa Mau, mgeni ameketi muda mrefu na hajapewa chai. Mtoto wa namna hiyo huanza na safari fupi za kuleta chumvi kwa jirani, na safari zinarefuka kadiri anavyoaminiwa. Hakuna anayempongeza sana. Anapewa tu kazi kubwa zaidi, na yeye anaelewa.

Nimekuja kuamini kwamba kwa baba wa eneo la chai, malezi karibu yote yamo katika safari hizo. Vitabu vya malezi vinavyouzwa Nairobi vinamshauri baba atenge muda, azime simu, aketi na mtoto ana kwa ana, amuulize anahisi vipi. Jaribu hilo na kijana wa Bomet wa miaka 13. Atakutazama kama aliyeitwa na polisi, atakujibu "poa", na mazungumzo yameisha. Lakini mtwike mzigo mwepesi, ubebe ule mzito, mwongozane kwenda kituo cha majanichai. Mkiwa nyote mnatazama njia, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na kabla hamjavuka daraja utakuwa umeambiwa nani anamsumbua shuleni.

Niseme jinsi safari hiyo ilivyo, maana ndiyo iliyonipa wanangu. Unachuna tangu ukungu haujaondoka, majani mawili na chipukizi, hadi mchana. Majani hayatakiwi kushindiliwa wala kukaa juani, yatabadilika rangi. Unayachambua juu ya gunia kivulini, unatoa yaliyokomaa na vijiti, na hapa ndipo mtoto mdogo anapopata cheo chake cha kwanza duniani, kwa sababu vidole vyake ni vyepesi na macho hayajachoka. Kisha mnakwenda kituoni mnangoja lori la kiwanda. Lori lina saa zake. Njia ikiwa na utelezi linafika usiku, na huo ungojaji, ambao wakulima huulalamikia kila mkutano mkuu, umetoa shule ya bure kwa watoto wengi. Hapo ndipo wanapowasikia watu wazima wakibishana kuhusu bei, mbolea, siasa na mpira. Hapo pia ndipo wanapoona jinsi baba yao anavyosalimiana na wazee, na jinsi anavyojizuia karani anapopunguza kilo kwa ajili ya uzito wa maji.

Mwanangu wa kati aliwahi kuniuliza hapo, akiwa na miaka kama minane: "Baba, hawa wanaokunywa chai hii yote wako wapi?"

Nikamweleza kwamba ikitoka kiwandani inakwenda Mombasa, inanadiwa, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni Pakistan.

"Wanaweka maziwa?"

"Wanaweka."

Akafikiri. "Basi ni watu wazuri."

Karani alisikia, akacheka hadi akakosea kusoma mizani, ikabidi mzigo upimwe tena. Tangu siku ile nikifika peke yangu huniuliza, "Baba, leo meneja amebaki wapi?"

Sasa mvua ya mawe. Anayeishi mahali pengine huenda hajui kwamba vilima vya Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Hewa yenye unyevu hutoka Ziwa Viktoria, hupanda milima mchana, hukutana na baridi ya juu, na kufikia saa tisa au kumi wingu limegeuka kitu cheusi chenye ukingo mweupe. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai yalijaribu kuizuia, kwanza kwa kufyatua roketi kuelekea mawinguni, baadaye kwa ndege zilizorusha kemikali. Wazee wanaikumbuka milio ile. Mkulima mdogo hakuwahi kuwa na roketi. Yeye ana mabati, na chini ya mabati husimama akisikiliza.

Mlio wenyewe huanza kama mtu anayetupa kokoto moja moja, kisha gunia zima linamwagwa. Huwezi kuzungumza ndani ya nyumba. Unasimama mlangoni, unatazama chai yako ikichanwachanwa, na kichwa kinapiga hesabu bila kuombwa: zamu hii imeenda, na ijayo pia, maana kichaka kilichopigwa huchukua wiki kadhaa kutoa chipukizi jipya, mwisho wa mwezi ujao hautakuwa na kitu, karo ya muhula itatoka kwenye ndama. Uso wa mwanamume wakati huo si uso wa kupiga picha.

Na wakati uleule, pembeni ya miguu yako, mtoto wa miaka minne anapita mbio na kikombe. Anakwenda uani kukusanya mawe. Anayarudisha yamejaa, anayatafuna, meno yanamuuma kwa baridi, anapiga kelele za raha, anarudi tena. Haijapata kunyesha pipi duniani isipokuwa hivi. Amekuletea moja, kubwa kuliko yote, amelichagua kwa ajili yako, nalo linayeyuka kiganjani mwake anapokusubiri ufungue mdomo.

Hapa pana mtihani ambao hakuna semina inayoufundisha. Ukimkemea utakuwa umesema kweli, maana hasara ni hasara na siku moja atapaswa kuijua. Ukifungua mdomo utakuwa umetafuna karo ya muhula wa pili. Nimewauliza rafiki zangu wa Kapkoros na wa Kapset wao hufanya nini. Mmoja alisema huingia ndani akalala. Mwingine alisema hula, tena humwambia mtoto alete la pili, kwa sababu, kwa maneno yake, chai imeshapigwa na barafu ni ya bure. Mimi hula. Nimeona pia kwamba watoto waliofikia miaka kumi hivi hawatoki tena na vikombe. Husimama mlangoni pamoja nawe, mikono kifuani, wakitazama shamba, na mmoja atakuuliza polepole kama upande wa chini umepona. Hakuna aliyewafundisha kuwa wakubwa siku hiyo. Kwangu jambo hilo lina uchungu kuliko majani yaliyoanguka.

Kuhusu kazi za shule nitapita haraka, kwa kuwa kila mzazi wa Kenya ana malalamiko yake na yangu si mapya. Mtaala mpya ulipoanza kutumika shuleni mwaka 2019, mzazi alisajiliwa upya kuwa mwanafunzi. Saa mbili usiku unaambiwa kwamba kesho asubuhi inatakiwa sanamu ya kufukuza ndege, au ala ya muziki iliyotengenezwa nyumbani. Shati langu la kuchunia chai liliwahi kupata alama nzuri likiwa limevalishwa fimbo mbili. Hata hivyo nimewaona akina baba ambao hawakuvuka darasa la saba wakiheshimiwa kwa mara ya kwanza na watoto wao katika jambo la shule, kwa sababu mtaala ule wa zamani, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, haukuwahi kuuliza nani anajua kusuka kamba.

Wako akina baba wengine ambao kitabu hiki hakiwezi kuwapita, nao wanaishi ng'ambo ya barabara. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai hapa miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji waliondolewa, jeraha ambalo hadi leo linazungumzwa mahakamani na katika mabaraza. Kwa ajili ya kazi yakaleta watu kutoka Kisii, kwingineko Nyanza na Magharibi, wakakaa kwenye laini, nyumba za chumba kimoja zilizopangwa mistari kati ya vichaka. Wengi wao wamekuwa baba kwa barua, kisha kwa simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, baba wa laini anaweza kutuma pesa ya daftari kabla kengele ya shule haijalia, jambo ambalo baba yake hangeliota. Mfanyakazi mmoja aliniambia kwamba wanawe humpigia simu kila jioni wamsomee kitabu, naye huweka simu kifuani na kulala ikisoma. Mashine za kuchuna zilipozidi kuingia, wengi wao walirudishwa makwao, na huko wakakutana na watoto waliokuwa wakiwajua kwa sauti tu.

Turudi upande wetu, kwenye mwezi wa Oktoba. Wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kilo, na baada ya mwaka wa fedha kufungwa hupata malipo ya pili, bonasi. Kwa upande wetu wa Bonde la Ufa bonasi mara nyingi imekuwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na mwaka 2025 ilishuka hadi watu wakaandamana. Lakini hata ikiwa ndogo, ni pesa inayokuja kwa pamoja, na pesa inayokuja kwa pamoja humbadilisha mwanamume sura. Watoto wa huku wanamjua baba wa Aprili na baba wa Oktoba. Baba wa Aprili ana subira, anaunga viatu kwa waya, yuko nyumbani kila jioni. Baba wa Oktoba amenyoa, anacheka na simu, ana safari ya mjini ambayo haielezeki vizuri. Kuna familia ambazo humwona tena pesa zikiisha.

Msichokijua mkisikia hadithi hizo kama vichekesho ni jinsi namba ya chai ilivyo. Kila mkulima ana namba kiwandani, na malipo huingia katika akaunti ya mwenye namba. Kwa kawaida mwenye namba ni baba. Wachunaji ni mama na watoto. Mtoto anaweza kuchuna kila likizo kuanzia akiwa na miaka tisa hadi anapomaliza sekondari, na asiwahi kuliona jina lake kwenye karatasi yoyote ya kiwanda. Akiwa mvulana anajua kwamba siku moja atagawiwa vichaka. Msichana alikuwa akijua kwamba hatapata. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilishafungua mlango huo, na Katiba ya 2010 ikaufungua zaidi. Waliokuwa wameushika kwa ndani ni sisi.

Mvulana wetu huondoka mikononi mwa baba mwezi wa Desemba, shule zikifungwa. Anaingia jandoni na wenzake, chini ya motiriot, mlezi wao, na baba hana sauti humo. Yanayofundishwa hayaandikwi, nami siyaandiki. Nitasema tu kuwa yule mtu anayetoka ana jina jipya la ukoo, halali tena nyumbani kwa mama yake, na anakusalimia kwa namna inayokulazimu unyooshe mgongo. Ukoo mzima unasherehekea. Kwa msichana desturi ilikuwa na kisu chake, kilichopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Machifu na makanisa wamefanya kazi kubwa, lakini nimeona nyumba ambapo mambo yaliamuliwa na sentensi moja ya baba aliyesema mbele ya dada zake na shangazi wote, wangu hatakwenda. Baba aliyekuwa kimya, hata kama moyoni alikataa, aliamka akakuta mambo yamepita.

Ila kukataa peke yake hakumpi binti kitu cha kushika. Kaka yake alitoka Desemba na jina, kiwanja na ahadi ya vichaka. Yeye alitoka na nini? Swali hilo liliulizwa na mke wangu, si mimi, tukiwa tunachambua majani, na hakuliuliza kwa upole.

Kwa hiyo binti yetu mkubwa alipomaliza kidato cha nne na kupata kitambulisho, tulikwenda naye kiwandani. Tulimgawia vichaka vya upande wa mtoni, vile vinavyopata ukungu mrefu na mvua ya mawe kidogo, akasajiliwa, akapewa namba. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, alikuja jioni akaketi, akanywa chai vikombe viwili kabla hajasema lililomleta: akiolewa, chai itakwenda na nani? Binti mwenyewe alimjibu kutoka jikoni, kwa adabu yote ya kumwita babu, "Kugo, chai haina miguu. Itabaki hapo, mimi ndiye nitakayekuja kuichuna." Mzee akaomba kikombe cha tatu.

Mwezi wa kwanza alikwenda kituoni kwa miguu yake, akapima, akakunja stakabadhi akaitia kwenye mfuko wa sweta. Mwezi wa pili mvua ilimnyeshea kwenye foleni. Mwezi wa tatu karatasi ya malipo ilipotoka, aliitandaza mezani karibu na yangu, akachukua kalamu, akaanza kuzilinganisha mstari kwa mstari. Mimi sijawahi kuisoma yangu zaidi ya ile hesabu ya chini.

"Baba, hapa wamekukata mbolea ya mifuko minne."

"Ndivyo wanavyokata."

"Sisi tulibeba mitatu. Mimi ndiye niliyehesabu kwenye mkokoteni." Akazungushia mstari ule duara. "Kesho tunaenda ofisini. Uje na kitambulisho, na usiniambie tuachane nayo."

Kaka yake alikuwa tayari anatafuta gambuti. Alitaka kujua kama na yeye anaruhusiwa kuja, au ni mkutano wa wenye namba peke yao.